Ndiva Iliyojaa Mchana

Siku yangu ya kwanza kazini nilivaa viatu vya kanisani. Vilikuwa vyeusi, vya kisigino kifupi, navyo ndivyo nilivyoona vinamfaa mtu anayekwenda kuonana na Wazungu. Ofisi yetu ilikuwa chumba kimoja pale Same mjini, nyuma ya duka la vipuri, na Msimamizi wa Safari alikuwa amesimama mlangoni. Aliniangalia kutoka kichwani hadi miguuni, na miguuni akatulia.

"Shikamoo," nikasema.

"Marahaba. Wewe binti, unapanda mlima au unakwenda kipaimara?"

Wapagazi walicheka mpaka mmoja akakaa chini. Msimamizi aliingia ndani akatoka na raba zilizoachwa na mgeni fulani, kubwa kama mitumbwi, tukazijaza karatasi za magazeti, nami nikapanda nazo hadi msitu wa Shengena nikiwatangulia wageni wanne kutoka Denmaki. Kabla ya hapo nilikuwa nafundisha watoto wadogo wa shule ya chekechea ya usharika. Kampuni ilinitaka kwa sababu nilijua Kiingereza, nilijua Chasu, lugha yetu Wapare, na nilizaliwa huko huko juu. Kijiji chetu sikitaji jina. Ukitoka Same ukapita Vudee, ukaendelea kupanda mpaka masikio yazibe, umefika.

Naandika haya kwa ajili yenu vijana mnaofanya kazi hii leo, kwa sababu mnaniuliza mambo mawili kila tunapokutana. Kwanza mnataka kujua zamani tulifanyaje kazi bila simu. Pili mnataka kujua kwa nini mimi, Mama Niwaeli, nikisikia neno "utalii" nakunja uso. La kwanza nitalijibu kwa ufupi. La pili ndilo lililonikalisha mezani.

Msimamizi wa Safari alikuwa mtu wa maneno machache na mengi yao makali. Alitufundisha kwamba kiongozi wa njia hasomi ramani kwanza, anasoma viatu. Mgeni mwenye viatu vipya vinavyong'aa utambebea mzigo kabla ya saa sita. Mwenye viatu vilivyokwaruzika, huyo muulize anapenda kwenda upesi kiasi gani, kisha umwache. Alitufundisha kwamba kiongozi mzuri ni yule wa mwisho, ambaye sisi tulimwita mkia, anayetembea nyuma ya mgeni aliye mzito kuliko wote na kujifanya yeye ndiye amechoka.

Kulikuwa pia na jambo tuliloliita kusimama kwa adabu. Ukiona mzee wa watu anahema na uso umemwiva, humwambii apumzike, maana amelipa nauli kutoka ng'ambo kuja kujithibitishia kwamba bado ana nguvu. Unasimama kwenye mti wowote, unaanza kueleza jina lake kwa Chasu, magome yake yanatibu nini, bibi yako aliuchemshaje. Yeye anadhani anasoma mimea, kumbe anavuta pumzi. Miti mingine ya njia ile niliipa magonjwa ambayo haijawahi kutibu, na Mungu anisamehe.

Wageni wenyewe walikuja kwa likizo iliyokatwa vipande vitatu: mbuga, mlima, pwani. Mbugani walikaa ndani ya gari, pwani walilala kifudifudi. Katikati, wale wachache waliotaka kufika mahali ambapo jirani yao hajafika, waliletwa kwetu. Walilala kwenye nyumba za watu kwa zamu, nyumba hii leo, nyumba ile wiki ijayo. Walikula makande, waliosha uso kwenye beseni, na asubuhi na mapema tuliwaamsha kwenda kuona ndiva ikifunguliwa.

Kwa asiyejua, ndiva ni bwawa dogo la maji ya kumwagilia. Yetu ilijengwa na babu zetu kwa mawe na udongo wa mfinyanzi, mahali kijito kinapotoka msituni. Kijito ni chembamba, ukikiachia kiende chenyewe shambani kinanywewa na mchanga kabla hakijafika kwa mtu. Kwa hiyo jioni ndiva huzibwa, maji yanakusanyika wakati watu wamelala, na alfajiri mfunguaji hung'oa kizibo, kipande cha gogo kilichoviringishiwa magome ya mgomba. Hapo maji hushuka mferejini kwa nguvu ya kutosha kufika mashamba ya chini kabisa, leo kwa huyu, kesho kwa yule. Ikifika mchana ndiva imebaki tope na vyura. Huo ndio uzima wake. Ndiva ikionekana imejaa mchana, jua kuna mtu huko chini anayetazama mahindi yake yakijikunja.

Mfunguaji wa ndiva yetu alikuwa kaka yangu, Eliakunda. Kabla yake alikuwa baba yetu, na kabla ya baba alikuwa baba yake. Kaka ndiye aliyeamka kabla ya jogoo, ndiye aliyejua zamu ni ya nani, na ndiye aliyekaa na pembe. Ilikuwa pembe ndefu ya tandala, nyeusi kwa kushikwa na mikono. Ikilia, maana yake ni msaragambo, kazi ya wote: kila nyumba itoe mtu na jembe. Kila mwaka kabla ya masika pembe ililia, watu wakaingia ndani ya ndiva wakazoa tope, wakashindilia ukuta, wakasafisha mfereji mpaka mwisho wake. Hakuna aliyelipwa na hakuna aliyekataa.

Wa kwanza kufika alikuwa siku zote Mama Nakijwa, mjane, ambaye shamba lake lilikuwa la mwisho kabisa, pale mfereji unapoishia. Alikuwa na safari ndefu kuliko wote na bado aliwakuta wengine wanatafuta viatu. Alifika na jembe begani, hakusalimia kwa maneno mengi. Aliuliza tu, "Tunaanzia wapi?" Kaka akamwonyesha kwa kidole, naye akapiga jembe.

Wageni walipenda ndiva kuliko msitu. Walisimama ukingoni wakiwa na vikombe vya chai ya tangawizi, kaka akang'oa kizibo, maji yakanguruma, na watu ambao jana yake walilalamika hakuna maji ya moto walisahau chai mikononi. Kisha wakapiga makofi. Kaka alikuwa anaona haya, anainamisha kichwa. Kulikuwa na sharti moja: hakuna kuoga humo, hakuna kufua, hakuna kutia mguu. Msimamizi wa Safari alilisema sharti hilo kule kule ofisini Same kabla mgeni hajapanda gari, na aliyenung'unika alishauriwa aende pwani moja kwa moja.

Msimamizi alizeeka, magoti yakamshinda, akarudi kwao Moshi. Kampuni ikanunuliwa na kampuni kubwa zaidi, yenye hoteli ufukweni huko upande wa Tanga. Tukaletewa Meneja. Alikuwa kijana, mpole, ananukia vizuri, anakumbuka majina ya watoto wetu. Nataka mjue hivyo kwa sababu watu wakisimulia habari kama hizi hupenda mwenye kosa awe na sura mbaya. Meneja hakuwahi kunipandishia sauti. Aliniamkia shikamoo mpaka siku ya mwisho.

Mara ya kwanza nilipompeleka juu tulifika kwenye ndiva mchana, jua likiwa kali.

"Mama, bwawa ndilo hili?"

"Ndilo."

"Maji yako wapi?"

"Yako mashambani."

Alizunguka ukingoni akijaribu kutochafua viatu. "Mama yangu, wageni wanatembea tangu asubuhi. Wanafika hapa wamelowa jasho, miguu inawaka moto. Halafu tunawaonyesha tope?"

"Tunawaonyesha alfajiri, likiwa limejaa."

"Alfajiri mtu wa likizo amelala," akasema, na alisema kwa upole kabisa.

Haukupita muda akakaa na kamati ya ndiva. Alikuja na soda na michoro mizuri ya rangi. Alitaka miezi ya wageni, Juni mpaka Septemba, ndiva iachwe imejaa mchana ili wageni waogelee. Kando yake kampuni ingejenga kambi ya mahema ya kudumu, yenye vitanda na mabafu, ili wageni wasisumbue tena nyumba za watu. Na kwa ajili ya mashamba ya chini, kampuni ingeleta mabomba na kuvuta maji kutoka kijito kingine. Wajumbe wakatazama michoro. Kwenye michoro kulikuwa na mahindi mengi ya kijani.

Mimi nilikuwa mtafsiri wa kampuni, si mjumbe, lakini nilisimama. Nikasema msimu wa wageni ndio kiangazi, na kiangazi ndicho kilichowafanya babu zetu wabebe mawe yale kwa vichwa. Nikasema mabomba yaje kwanza, ndipo ndiva iachwe. Mwenyekiti wa kamati akanijibu kwamba wakati mwingine mtu akizoea kula na wageni peke yake hataki wengine wasogee mezani. Watu wakaguna. Nikakaa.

Mabomba yalikuja kweli. Yalikuja kwa lori, meusi, mapya, yakashushwa kando ya barabara kwenye nyasi, na hapo ndipo safari yake ilipoishia. Fundi alikuwa anakuja wiki ijayo, na wiki hiyo mpaka leo haijafika. Miaka iliyofuata watu waliyakata vipande, wengine wakayafanya mifereji ya mapaa, wengine vyombo vya kunyweshea mbuzi.

Kaka alipewa cheo. Waliacha kumwita mfunguaji, wakamwita Msimamizi wa Bwawa, na akapewa shati la kijani lenye maandishi kifuani, kofia, na mshahara wa kila mwezi. Kazi yake ilikuwa kutofungua. Nilimfuata nyumbani kwake siku alipolivaa mara ya kwanza. Alikuwa amekaa kwenye kigoda, shati bado lina mikunjo ya kiwandani.

"Kaka, baba alifungua ndiva hii maisha yake yote bila shati la mtu."

"Na alikufa hana shati," akanijibu.

Nikamwambia afikirie watu wa chini, amfikirie Mama Nakijwa.

"Niwa," akasema, na hakuniangalia, "watoto wako wamesoma kwa hela ya wageni. Siku gani ulinisikia nakusema? Nilikuwa naamka gizani nawafungulia wageni wako maji, wananipigia makofi. Wangu wasome kwa makofi?"

Niliondoka nimekasirika, na mpaka leo nikiyakumbuka maneno yale nakasirika upya, kwa sababu alisema kweli. Nilikuwa nimevaa shati la kampuni miaka mingi kabla yake.

Kiangazi kile ndiva ilijaa na ikabaki imejaa. Ilipendeza, siwezi kusema uongo. Msitu ulijitazama humo, maji yakawa ya kijani kama chupa, na Meneja akaleta mpiga picha. Picha ile bado iko kwenye matangazo yao: bwawa, ukungu, na msichana wa Kizungu anaelea chali amefumba macho. Siku ambazo hakukuwa na wageni, kaka alifungua kidogo. Lakini wageni walikuwa wengi, na maji ya kufungua mara moja moja yaliishia mashamba ya juu. Huko chini maharage yalikauka yakiwa na maua.

Siku moja mchana Mama Nakijwa alipanda. Hakuwa na jembe. Alisimama ukingoni amejifunga khanga, akawatazama wageni wakirukaruka majini. Nilimwamkia, akaitikia. Akaniuliza, "Hawa ni wageni wa nani?"

"Wa kampuni, mama."

Akakaza khanga yake. "Mgeni akiniomba maji simnyimi," akasema. "Lakini hawa hawana kiu."

Kisha akageuka akashuka. Mgeni mmoja, mama mtu mzima, aliogelea mpaka ukingoni akaniuliza yule bibi amesema nini. Mimi kazi yangu ilikuwa kutafsiri. Nikatafsiri, na aliponiuliza maana yake, nikamweleza maana yake, na mabomba nikamwonyesha kwa kidole. Yule mama alitoka majini akajikausha, akakaa ndani ya hema lake mpaka jioni. Aliporudi kwao akawalalamikia wakubwa wa kampuni.

Meneja aliniita ofisini Same. Feni ilikuwa inazunguka taratibu, joto la Same mnalijua. Akanikaribisha kiti, akaniuliza hali ya wajukuu.

"Mama, wewe ni mtafsiri mzuri," akasema. "Ila kazi yako ni kutafsiri mandhari. Usitafsiri matatizo. Mtu ametumia akiba ya mwaka mzima kupumzika, sisi tunampa mzigo wa kurudi nao kwao?"

"Aliniuliza."

"Ungemwambia bibi anawakaribisha."

Nikamwambia hilo siwezi. Akatikisa kichwa kwa huzuni, huzuni ya kweli kabisa, na wiki iliyofuata nikapata uhamisho wa kwenda pwani. Kwenye karatasi uhamisho ule uliandikwa kuwa ni kupandishwa.

Huko pwani nilikuwa mpokeaji wa wageni. Nilivaa gauni jeupe, nikawapa vitambaa baridi vya kujifutia na maji ya madafu ya kunywa, nikawaonyesha vyumba. Wanaume wale wale niliowavuta mlimani kwa hadithi za miti walikuwa wamelala kwenye vitanda vya kamba wakigeuzwa na jua kama mkate. Sikuwachukia. Mtu aliyechoka ana haki ya kulala. Ila kitu kimoja kilinishangaza: hoteli ilikuwa na bwawa la kuogelea, na bwawa lenyewe lilichimbwa karibu na bahari mpaka ungeweza kurusha embe kutoka humu likaangukia kule. Na wageni wote walikuwa ndani ya bwawa, wameipa bahari kisogo.

Nilimuuliza mzee aliyekuwa anasafisha bwawa, Mdigo mmoja mcheshi, kwa nini mtu asafiri siku nzima kwa ndege kuja baharini kisha akaoge kwenye birika.

"Mama wa Kipare, bahari ina chumvi," akasema. "Ina mawimbi, ina samaki, ina wavuvi wenye ngarawa zao. Ukiingia ni lazima uangalie wenzako. Bwawa halina mwenyewe. Unaingia utakavyo, unatoka utakavyo."

Hapo ndipo nilipomwelewa Meneja. Alikulia kwenye kazi ya mabwawa yasiyo na mwenyewe. Alipoona ndiva aliona bwawa tu, na watu waliokuwa kwenye mfereji, mmoja baada ya mwingine mpaka mwisho wa mtelemko, hawakuonekana kwa sababu pale ukingoni hawapo. Kumwelewa hakukunipunguzia hasira hata kidogo. Kuliniongezea, maana mtu mwovu unaweza kumwombea abadilike, lakini mtu asiyeona utamwombea nini?

Nilikaa pwani misimu miwili. Kisha viongozi wa mlimani wakapungua, wengine wakakimbilia Kilimanjaro, nikarudishwa. Nilifika kwetu wakati mawingu ya masika yanaanza kujikusanya, nikakuta ndiva ina tope hadi kifuani. Tangu maji yalipoachwa kukaa, tope nalo lilikaa. Ukuta ulikuwa umeota vichaka na upande mmoja unavuja.

Kaka alikuwa amekonda. Akaniambia kesho anaita msaragambo. Nikamuuliza kama mwaka uliopita aliita. Akasema aliita, wakaja wachache. Mwaka huu watakuja, akasema, wanajua mvua ni kubwa.

Asubuhi alisimama juu ya ukuta, ndani ya lile shati la kijani, akapiga pembe. Nilikuwa sijaisikia muda mrefu. Sauti ilishuka bonde lote ikagonga upande wa pili ikarudi. Tukasubiri. Kutoka pale juu tuliona moshi wa majiko, tuliona watu wakitoka majumbani, tena na majembe begani. Kila mmoja alielekea kwake. Tulisikia majembe yao yakigonga mawe kwenye vishamba vyao vidogo. Kaka akapiga tena, na mara ya tatu akapiga mpaka mishipa ya shingo ikamsimama.

Tukatazama njia ya chini, ile anayopandia Mama Nakijwa. Ilikuwa tupu.

Mchana nilishuka kwake. Nilimkuta uani anapepeta mchele, ambao aliletewa na mwanawe. Mwana huyo alikuwa amehamia Kihurio kufanya vibarua kwenye mashamba ya mpunga, baada ya shamba la mama yake kukosa maji. Nilimwamkia, nikamwambia pembe imelia.

"Niliisikia," akasema. "Meneja ana jembe?"

"Mama, mvua ikija ukuta utaondoka."

"Ukuta wa nani?" akaniuliza, akaendelea kupepeta.

Mimi na kaka tulizoa tope wenyewe mpaka jua likazama. Nilimwambia Meneja kwa simu alete watu. Akasema atalipeleka makao makuu, na nadhani alilipeleka. Masika yalipochachamaa, ukuta uliondoka asubuhi moja watu wakinywa chai. Ulishuka na mawe ya babu zetu na mfereji wote mpaka tambarare, ambako wafugaji walikuta magogo yetu kwenye malisho yao. Hakufa mtu. Mahema mawili ya kambi yalikwenda na maji.

Msimu uliofuata kampuni ilifunga kambi. Meneja alikuja kuchukua vitanda, akampa kaka mkono, akamwambia shati anaweza kubaki nalo. Yeye alihamishiwa visiwani, na nasikia anaendelea vizuri. Njia yetu ikafutwa kwenye ratiba, nami nikawekwa ofisini Same kufundisha viongozi wapya wa njia nyingine, mpaka nilipostaafu.

Siku ya kuniaga walikodi ukumbi. Kulikuwa na keki, kulikuwa na pilau, na Mkurugenzi mwenyewe, ambaye nilikuwa sijapata kumwona, alishuka kutoka Arusha. Alisifu uaminifu wangu. Kisha akanikabidhi zawadi, kubwa, imefungwa kwa karatasi ya kumetameta. Nilifungua mbele ya watu. Ilikuwa ile picha kwenye fremu, ndiva ya kijani na msichana anaelea amefumba macho. "Ili usisahau nyumbani," Mkurugenzi akasema, na ukumbi ukapiga makofi. Nilishukuru. Picha iko nyuma ya kabati, uso ukutani, na mjukuu akiuliza ni kitu gani namwambia ni ubao wa kuzuia panya.

Wastaafu wenzangu huandika mwishoni kwamba wanamshukuru Mungu kwa yote na wangechagua kazi ile ile tena. Mimi namshukuru Mungu kwa Msimamizi wa Safari na kwa miguu yangu, ambayo bado inapanda. Kwa yote, hapana. Nilitumia nguvu zangu kuwaonyesha watu njia ya kufika kwetu, na nilikuwa hodari. Wangekuwa wamekosa kiongozi hodari labda wasingefika.

Ila sijamaliza, kwa sababu mwaka huu, baada ya masika, kaka aliniita. Kuna kampuni nyingine, mpya, inauza kile inachokiita safari ya utamaduni. Walikuwa wamemwomba apige pembe kwa ajili ya wageni, pale pale ilipokuwa ndiva, kisha wageni wale makande na wapige picha. Kaka sasa ni mzee, Kiingereza hana, akataka niwe karibu. Sikutaka. Nilikwenda kwa sababu ni kaka yangu.

Pale sasa ni nyasi na mawe machache. Ng'ombe wa jirani alikuwa anakula katikati. Kaka alivaa lile shati la kijani, limepauka mpaka maandishi hayasomeki. Kiongozi wa wageni, binti wa mjini mwenye adabu zake, akahesabu moja, mbili, tatu, simu zikainuliwa, na kaka akapiga. Pumzi yake imepungua, lakini pembe ni ile ile. Sauti ilishuka bonde lote ikagonga upande wa pili ikarudi. Wageni wakapiga makofi, wakamwomba arudie, akarudia. Kisha wakakaa kwenye mikeka wakala, wakauliza pembe ni ya mnyama gani.

Walikuwa wanafunga mabegi yao wakati mmoja wao aliponyoosha kidole kwenye njia ya chini. Alikuwa Mama Nakijwa anapanda. Amepinda mgongo, mkono mmoja fimbo, na jembe begani. Alikuwa anasimama kila baada ya hatua chache, anavuta pumzi, anaendelea. Hakuna aliyekuwa amemwambia habari za wageni. Alikuwa amesikia pembe.

Alifika juu, akaegemea fimbo. Macho yake yana ukungu siku hizi, sijui kama aliona simu zilizomwelekea. Alimtafuta kaka kwa sura ya shati.

"Tunaanzia wapi?" akauliza.

Wageni walidhani ni sehemu ya ratiba, wakapiga makofi. Binti akaninong'oneza, "Shikamoo tena bibi, samahani, wanauliza amesema nini." Sikutafsiri. Miaka yote ile ya kazi, ndiyo mara moja tu niliyoulizwa nikanyamaza.

Kaka aliteremsha pembe. Akaiweka juu ya jiwe. Akanyoosha kidole pale kilipokuwa kizibo, kwenye nyasi. Mama Nakijwa akasogea, akaweka fimbo chini, akapiga jembe.

Gari likapiga honi, wageni wakashuka njiani wakipunga mikono. Yeye aliendelea kulima. Mimi na kaka tulibaki tumesimama tukimtazama, maana tulikuwa tumekuja bila majembe.